Cheti, kampeni au miti ya kaboni: kampuni ikibisha hodi kijijini, tupokee elimu ipi?

Mwezi Februari mwenyekiti wa kijiji alinisimamisha nikitoka shuleni, tukaenda ofisini, akaweka mezani barua mbili. Ya kwanza ilitoka kwa wanunuzi wa chai waliotaka wakulima wadogo tujiunge na kundi la cheti cha mazingira. Ya pili ilitoka kwa kampuni ya vinywaji iliyoomba kufanya siku ya mazingira na wanafunzi wetu. "Mwalimu, wewe ndiye mlezi wa klabu ya mazingira, na chai unayo. Tuambie tumpokee nani." Sijafungua mdomo, mtendaji akadakia kwamba kuna na wa tatu, wale wa miti ya kaboni (miti inayopandwa ili inyonye hewa ukaa, na unyonyaji huo uuzwe), waliopita bonde la juu wakipiga picha bila barua wala salamu.

Niliomba wiki mbili. Haya ndiyo niliyoyapima katika wiki hizo, na nayaandika kwa ajili ya wenyeviti, viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na walimu wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, kwa maana wageni wa namna hii wanafika Njombe, Rungwe, Mbozi na Kilolo pia, na mara nyingi tunampokea aliyebeba zawadi nyingi. Mimi zawadi nimeacha kuziangalia. Naangalia jambo moja: mwakani nani atarudi kukagua, na akirudi atakuta nini.

Jambo lenyewe si dogo. Ruaha Mdogo unaanzia huku kwetu Mufindi, unapita Iringa mjini, kisha unakwenda kuungana na Ruaha Mkuu. Huo Ruaha Mkuu, tangu mwaka 1993, umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sababu kubwa iko bonde la Usangu, kwenye umwagiliaji, wala sisemi ni sisi wa Mufindi tulioukausha. Lakini ukishaona viboko wamerundikana kwenye dimbwi la tope, hutaweza tena kusema kwamba kinachofanyika kwenye kinyungu chako, ile bustani ya bondeni, ni siri yako na jembe lako.

Cheti

Nianze na chai, maana hapa ndipo kampuni za kimataifa zimeacha alama kubwa kuliko penginepo huku kwetu. Mwaka 2007 Unilever ilitangaza kwamba chai yake ya Lipton itakuwa ikitoka kwenye mashamba yenye cheti cha Rainforest Alliance, kile chenye alama ya chura wa kijani. Mashamba ya Kericho, Kenya, yalitangulia kukaguliwa, ya Mufindi yakafuata. Kabla ya hapo cheti cha mazingira kilikuwa jambo la wateja wachache wa Ulaya wanaosoma maandishi madogo. Baada ya hapo kikamfuata mkulima hadi kwenye banda la kupimia jani bichi. Na mnywaji wa chai ambaye hajawahi kusikia jina la Mufindi akaanza kumuona chura kwenye pakiti na kuuliza maana yake. Hiyo ndiyo nguvu ya kampuni kubwa, na sioni sababu ya kuibeza: inashika ncha mbili za kamba kwa wakati mmoja, rafu ya duka kule na safu ya chai huku.

Kwa mkulima mdogo mambo huenda hivi. Hukaguliwi peke yako. Mnaunda kundi, kundi linakuwa na wakaguzi wake wa ndani, vijana wa hapohapo kijijini waliofundishwa, na hao wanatakiwa kufika kwa kila mwanachama. Baadaye anakuja mkaguzi wa nje, asiyelipwa mshahara na kiwanda, anachagua mashamba machache kwa sampuli. Kwa kawaida idadi ya chini ni kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama: mkiwa 400, atatembelea 20. Hujui kama utakuwa miongoni mwao, kwa hiyo wote mnajiandaa.

Shamba la shemeji yangu liko kijiji jirani, ambako waliingia mapema. Nilikuwepo siku mkaguzi wa ndani alipofika, binti wa miaka ishirini na kitu, kavaa gambuti, kashika fomu na kamba yenye mafundo. Alishuka moja kwa moja hadi kijitoni, akafunga ncha ya kamba kwenye kichaka cha ukingoni, akarudi nyuma akihesabu mafundo mpaka kwenye shina la kwanza la chai. Hakugomba. Alisema tu, "Shikamoo baba. Hizi safu mbili ziko majini." Shemeji akajibu kwamba safu hizo aliziotesha marehemu baba yake. Binti akanyamaza kidogo, kisha akamwonyesha udongo ulivyomomonyoka chini ya mizizi, rangi ya maji, na chupa mbili tupu za dawa zilizonasa kwenye matete. Walimaliza kwa makubaliano: safu mbili za chini ziachwe zirudi kuwa kichaka, na safu nne zinazofuata zisipuliziwe dawa tena.

Kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito na vyanzo vya maji. Mita hizo 60 kila mtu kijijini anazijua kwa kuzisikia mkutanoni. Kamba ya kuzipimia mimi niliiona kwa mara ya kwanza mkononi mwa yule binti.

Jambo la pili nililoliona pale ni bomba la kupulizia. Miaka yote sisi tulilisuuzia mtoni, povu jeupe linateremka hadi wanapochota maji akina mama. Mafunzo ya cheti yaliwataka wasuuze chupa ya dawa mara tatu, kila mara maji yale yarudi ndani ya bomba na kumalizikia shambani, kisha chupa itobolewe ili isije ikawekewa mafuta ya kula au maziwa. Shemeji sasa anafanya hivyo bila kuambiwa. Nilimuuliza kama ni kwa kumwogopa mkaguzi. Akasema mwanzoni ndiyo. Sasa anasema anasikia vibaya kuona povu.

Wanafunzi wangu waliniuliza kuhusu chura wa kwenye pakiti, kama ni yule wetu. Nikawaambia hapana, lakini swali lao lilinichoma. Sisi watu wa ukingo wa Udzungwa tunaye chura wetu, chura wa Kihansi, mdogo kama ukucha, aliyekuwa akiishi kwenye mvuke wa maporomoko ya Kihansi peke yake duniani. Wataalamu walimgundua mwaka 1996. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mvuke ukakatika, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Aliyebaki ni yule aliyekuwa amepelekwa Marekani na kulelewa kwenye bustani za wanyama, na kuanzia mwaka 2012 akaanza kurudishwa. Watoto wa darasa zima walikuwa wanamfahamu chura wa pakiti, na wawili tu waliwahi kumsikia wa Kihansi. Kampuni ikija kufundisha mazingira kwako, mwombe mambo yake, halafu hakikisha ya kwenu yanaingia kwenye somo.

Sasa ubaya wa cheti, nao upo. Kwanza, uliza karatasi ni ya nani. Cheti cha kundi mara nyingi hushikwa na yule anayelisimamia, na msimamizi huyo akiwa ni kiwanda, basi siku mkigombana naye juu ya bei mnaondoka mikono mitupu: mashamba ni yenu, usafi ni wenu, cheti ni chake. Cheti kikishikwa na chama chenu wenyewe mna sauti, lakini gharama za ukaguzi na makaratasi zinawaangukia ninyi. Pili, shemeji hakulipwa chochote kwa zile safu mbili. Utaratibu wa Rainforest Alliance unamtaka mnunuzi aongeze malipo ya fedha juu ya bei ya soko, lakini kiasi kwenye chai hutegemea makubaliano, na mkulima asipouliza hawezi kujua kama kimefika.

Hapo ndipo naona Fairtrade, cheti cha biashara ya haki, inawazidi kwa kitu kimoja. Fedha zake za nyongeza zina kiwango kinachojulikana (kwa kahawa ni senti 20 za dola kwa kila pauni ya uzito) na wanachama ndio wanaokaa na kupiga kura zifanye nini. Wakulima wadogo wa chai wa Rungwe wanaufahamu utaratibu huo. Kwa upande wa somo la mazingira lenyewe, Rainforest Alliance inabana zaidi: msitu wa asili uliofyekwa baada ya tarehe 1 Januari 2014 kupisha shamba haukubaliki kabisa.

Wa kahawa wa Mbozi na Mbinga watakutana pia na C.A.F.E. Practices, utaratibu wa Starbucks, kampuni ya kahawa ya Marekani, ulioanza mwaka 2004 pamoja na shirika la uhifadhi la Conservation International. Una maswali mazuri ya maji, kivuli na udongo, na Starbucks imewahi kuweka Mbeya kituo cha wataalamu wa kuwasaidia wakulima. Tofauti ni kwamba hicho ni kipimo cha mnunuzi mmoja. Ukifaulu, umefaulu kwake. Chura unaweza kumpeleka kwa mnunuzi mwingine.

Na kampuni huhama. Wazee wa kwetu hadi leo wanayaita mashamba makubwa "Brooke Bond", ingawa Unilever iliinunua Brooke Bond mwaka 1984, na Unilever yenyewe iliuza biashara yake kubwa ya chai mwaka 2022. Jina la getini likibadilika, bwana shamba uliyemzoea huenda asionekane tena. Yule binti mwenye kamba bado yupo, kwa sababu ni mtoto wa kijiji. Ndiyo maana nasisitiza wakaguzi wa ndani watoke hapohapo.

Kampeni

Miaka michache iliyopita shule yetu ilipokea kampeni. Kampuni sitaitaja. Walikuja tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, na lori la miche mia tatu, fulana, kofia, maji ya chupa na spika mbili kubwa. Wanafunzi walifurahi, nami nilifurahi. Tulipanda mche mmoja mmoja, kila mtoto na wake, tukapiga picha, wakaondoka saa nane mchana.

Mtu yeyote wa Mufindi akiisoma tarehe hiyo anajua kilichofuata. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili hadi Mei. Juni ndiyo baridi kali inaingia, na asubuhi unaikuta sakitu imelala juu ya nyasi kama chumvi. Wiki ya tatu miche ilikuwa imeungua majani, myeusi kana kwamba imepitiwa na moto. Kuna binti wa kidato cha kwanza alikuwa akiuvika mche wake gazeti kila jioni. Nao ulikufa. Mwaka uliofuata nilipotangaza kupanda miti, mtoto huyohuyo aliniuliza, "Mwalimu, na hii nayo itakufa?" Somo la mazingira lililofundishwa vibaya linamwondolea mtoto imani, na kuirudisha imani hiyo ni kazi ngumu kuliko kuotesha mche.

Walewale wangekuja Desemba, na miche iliyokomazwa kitaluni, ingekuwa habari nyingine. Sisemi kampeni haina maana. Ina vitu ambavyo cheti hakina: inafika shuleni, inafika mjini, inafika kwa watu wasio na shina hata moja la chai. Haikutaki uache safu zako. Na kampuni kubwa ina uwezo wa kumfanya kijana asikilize jambo ambalo mimi nimelisema miaka kumi akiwa amesinzia.

Lakini ahadi zao zisome kwa kalenda. Mwaka 2018 Coca-Cola iliuahidi ulimwengu kwamba hadi kufikia 2030 itakusanya chupa au kopo moja kwa kila moja inayouza. Desemba 2024 ikabadilisha: sasa lengo ni asilimia 70 hadi 75, na mwaka umesogezwa hadi 2035. Unilever nayo mwaka 2024 ilipunguza lengo lake, kutoka kupunguza plastiki mpya kwa nusu hadi kupunguza asilimia 30 ifikapo 2026. Mabadiliko haya yaliamuliwa mbali, na klabu ya mazingira ya shule ya kata haikuulizwa. Ukiwa umejenga somo lako lote juu ya bango la kampuni, bango likibadilika somo linayumba.

Kwenye suala la chupa nina maoni makali kidogo. Kampuni ya soda ikitaka kufundisha watoto wetu juu ya taka, somo lake bora liko tayari dukani kwa Mangi: kreti ya chupa za kioo. Chupa inarudi, inaoshwa, inajazwa tena, na mtoto anajua asipoirudisha ile ya duka atadaiwa. Hakuna aliyewahi kuitia chupa hiyo kwenye mtaro. Hata mifuko ya Rambo haikuondolewa na fulana wala matamasha, iliondolewa na katazo la serikali la tarehe 1 Juni 2019. Kwa hiyo kampuni ikileta kampeni ya kuokota plastiki, waulize kwa adabu: na kreti za kioo, mtaongeza au mtapunguza huku kwetu?

Miti ya kaboni

Hapa nitakuwa mfupi, maana uamuzi wenyewe ni wa ardhi kwanza na elimu baadaye. Kampuni za nje za miti tunazijua: Green Resources, iliyoanzishwa Norway, imepanda misitu Mufindi, New Forests Company imepanda Kilolo. Wanaofuata vigezo vya FSC, cheti cha kimataifa cha misitu, hulazimika kuacha mabonde ya maji na misitu ya asili bila kuigusa, na kusema kweli kuna somo moja ambalo wao wanalifundisha kuliko mtu yeyote, nalo ni moto. Barabara za kuzuia moto zinazosafishwa kabla ya Agosti, zamu za ulinzi, sheria ndogo za kijiji, namna ya kuchoma shamba kwa taarifa na upepo ukiwa umetulia. Kampuni ina miti yake ya kuungua, kwa hiyo haiwezi kukufundisha kwa kubahatisha, na kila kiangazi itarudi. Kwa swali langu la nani atarudi, hawa wanapata alama nzuri.

Tatizo ni bei ya somo. Ardhi ya kijiji haimilikishwi mgeni moja kwa moja. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabidi ihamishwe kwanza iwe ardhi ya jumla, na ikishahama si ya kijiji tena, hata kampuni ikifunga virago. Mikataba ya kaboni ni ya miongo. Mtoto anayezaliwa leo ataikuta akiwa na watoto wake. Tangu mwaka 2022 kuna kanuni za biashara ya kaboni, na miradi inatakiwa kusajiliwa kupitia kituo cha taifa cha kaboni kilichopo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Anayepita bondeni akipiga picha bila kupitia mkutano mkuu wa kijiji, msimpe hata kivuli cha kupumzikia. Na uliza mti gani utapandwa wapi. Milingoti (mikaratusi) kwenye kilima ni mali. Milingoti kwenye chemchemi wazee wetu wanajua inachokifanya.

Kama miti ndiyo mnayoitaka, panda ya kwenu kupitia chama cha wakulima wa miti, ardhi ibaki kwenye majina yenu, kisha waalikeni kampuni waje kufundisha moto. Wengi hukubali, maana moto wa kwenu ni moto wa kwao.

Nilivyomjibu mwenyekiti

Nilimwambia hivi. Sisi tuna zao linalouzwa nje, kwa hiyo cheti kwanza, kwa masharti matatu: karatasi ishikwe na chama chetu hata ikituchukua mwaka mzima kujipanga, wakaguzi wa ndani wawe vijana wetu, na malipo ya nyongeza yaandikwe kwenye ubao wa banda la kupimia, kila msimu, kwa shilingi. Kijiji kisicho na zao la namna hiyo, au shule ya mjini Mafinga, Makambako au Mbeya, ningeishauri kampeni, lakini kwa kalenda ya mwenyeji.

Barua ya kampuni ya vinywaji niliijibu mwenyewe. Nimewashukuru, nimewaomba waje wiki ya pili ya Desemba badala ya Juni, walete viriba na mbolea ya kitalu badala ya fulana, na warudi Desemba inayofuata kuhesabu iliyopona pamoja na wanafunzi. Picha zipigwe safari hiyo ya pili. Hawajajibu bado. Wa chai wamekubali kukutana na bodi ya chama, na hoja yao kubwa ni sharti la karatasi. Naona watatusumbua hapo. Suala la kaboni mtendaji ameliweka kwenye ajenda za mkutano mkuu.

Kitalu tumeshakianza bila kumngoja mtu, nyuma ya bweni la wasichana ambako upepo haufiki. Tumekusanya mbegu za mivengi na mikuyu kutoka bonde la juu, miti rafiki wa maji, na yule binti wa gazeti, sasa yuko kidato cha nne, ndiye anayeshika daftari la kumwagilia.